Darsa la Ramadhani, siku ya 14: Jasho limekauka, mshahara uko wapi?



Alhamdulillah, tumefika siku ya 14. Darsa la leo ni refu kidogo kuliko kawaida. Lihifadhi, ulisome baada ya futari ukiwa umetulia. Linawahusu watu wawili: anayedai mshahara na anayedaiwa mshahara. Wote wawili tunao msikitini, na mara nyingine wanasimama safu moja, bega kwa bega, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

Kila mwaka mwezi huu unapofika katikati, huwa nakuja kuulizwa swali moja baada ya Tarawehe, kwa sauti ya chini: "Ustadh, nimefanya kazi kwa fulani, hajanilipa miezi miwili. Nikimdai ndani ya Ramadhani, si nitakuwa nimekosa subira? Si nitaharibu funga yangu?"

Anayeuliza ni muuza duka, kijana wa gereji, dada wa saluni, mpishi wa mgahawa, mlinzi, mwalimu wa tuisheni. Hawa hawafanyi kazi kwenye makampuni makubwa yenye ofisi ya utumishi. Tajiri wao ni mtu wanayemjua, pengine jirani, pengine ndugu wa mama. Ndiyo maana kudai kunakuwa kuzito.

Jibu fupi: hapana. Kudai haki yako hakuharibu funga. Kinachoharibu thawabu ni matusi, uongo na dhulma. Sasa twende kwenye jibu refu.

*1. Dini inasemaje kuhusu ujira*

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tunaipenda sana hadithi hii, tunaitaja kwenye hotuba. Lakini hebu ifikirie. Jasho la mtu linakauka kwa dakika ngapi? Kwa joto letu hili la pwani, ukikaa chini ya mwembe, robo saa imetosha. Maana yake ni kwamba kazi ikiisha na siku ya malipo mliyokubaliana ikifika, hakuna kuzungushana.

Ya pili ni nzito zaidi. Katika hadithi qudsi iliyomo kwenye Sahih Bukhari, Allah (s.w.) anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama. Mmoja ametoa ahadi kwa jina la Allah kisha akasaliti. Mwingine amemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Tazama amewekwa safu gani: pamoja na aliyeuza binadamu. Kwa nini? Wanazuoni wanaeleza kuwa kumtumikisha mtu bila malipo ni kumfanya kama mtumwa. Jina tu ndilo limebadilika.

Ya tatu: Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Hapa haizungumzwi kukataa kulipa. Kuchelewesha tu, kwa mtu aliye nacho, tayari ni dhulma.

Na haki hii haiangalii dini ya mfanyakazi. Kijana wako wa dukani anaweza kuwa Mkristo, na ujira wake kwako ni haki ileile.

*2. Subira siyo kunyamaza*

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kuelewa. Tunadhani mwenye subira ni yule asiyesema. Bosi anasema "njoo kesho", anakwenda kesho. Anaambiwa "biashara mbaya, ngoja baada ya sikukuu", anangoja. Miezi inapita, na yeye anajisifu moyoni kuwa ana subira, huku mke anakopa unga kwa Mangi.

Sikiliza kisa hiki, kimo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alikuwa anamdai Mtume (s.a.w.) ngamia. Akaja kudai kwa ukali, maneno yakawa mazito mpaka masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume (s.a.w.) akawazuia. Akawaambia wamwache, kwa sababu mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaagiza apewe ngamia wa umri uleule, na alipokosekana, akapewa aliye bora kuliko wake.

Tuangalie vizuri. Mdaiwa ni Mtume wa Allah, na mdai amekosa adabu. Hata hivyo hakuambiwa nyamaza. Sasa wewe unayedai kwa upole, kwa maandishi, mshahara uliotolea jasho, nani amekwambia unakosa imani?

Subira katika jambo hili ni kuudhibiti ulimi na mkono wako huku ukifuata njia mpaka mwisho, bila kukata tamaa. Na upole una malipo yake: Mtume (s.a.w.) amemuombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai. Ona, aliyeombewa ni yule anayedai kwa upole. Kudai kwenyewe hakukukatazwa.

Ukitaka kusamehe sehemu ya deni au deni lote kwa hiari yako, hiyo ni sadaka na malipo yake ni makubwa. Lakini iwe kwa hiari. Kusamehe kwa sababu umeona aibu au umechoka kuzungushwa siyo kusamehe, ni kudhulumiwa tu.

*3. Andika kabla ya kudai*

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Sura al-Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Allah ametufundisha hata namna ya kumweka mwandishi.

Tuseme kijana anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Walikubaliana mdomoni Sh 260,000 kwa mwezi. Hajalipwa miezi miwili, na mwezi wa tatu amefanya siku 12 akaondoka. Katikati alichukua advansi ya Sh 90,000. Anadai ngapi? Wengi hawawezi kujibu. Wanasema tu "ananidai, namdai, hela nyingi". Chukua karatasi:

Miezi miwili: 260,000 × 2 = 520,000
Siku moja (mwezi una wastani wa siku 26 za kazi): 260,000 ÷ 26 = 10,000
Siku 12: 10,000 × 12 = 120,000
Jumla: 640,000
Toa advansi: 90,000
Deni: *Sh 550,000*

Usifiche ile advansi. Ukiificha, umeanza safari ya haki kwa uongo, na bosi akiitoa ushahidi hata ile haki yako ya kweli itatiliwa shaka.

Kisha kusanya vielelezo: meseji za simu mlizoandikiana, ujumbe wa malipo ya simu ya miezi aliyokulipa vizuri, picha ya daftari la mahudhurio, risiti ulizoandika kwa mkono wako, majina ya wenzako na wateja waliokuona kazini. Usifute meseji hata moja. Na ukipokelewa simu ukaahidiwa malipo, mwandikie baadaye: "Bosi, kama tulivyoongea leo, umesema utanilipa tarehe 20." Hapo ahadi ya mdomo imepata karatasi.

*4. Hatua za kudai*

Naeleza kwa sheria ya Tanzania Bara, maana wengi wetu tupo huku. Ndugu wa Zanzibar mna sheria zenu za kazi, na ofisi ya kuanzia ni ya Kamisheni ya Kazi.

_Hatua ya kwanza: ongea naye ana kwa ana._ Chagua wakati mzuri. Usimwendee mbele ya wateja, wala dakika tano kabla ya adhana ya Magharibi wakati kila mtu ana kiu. Mwambie kiasi, mpe hesabu yako, muombe tarehe.

_Hatua ya pili: andika._ Tarehe ikipita, mpelekee barua au meseji. Siyo lazima iwe ya kitaalamu. Mfano:

"Assalaamu alaykum bosi. Mimi ni (jina), niliyefanya kazi dukani kwako tangu (tarehe) hadi (tarehe). Nakukumbusha mshahara wangu ambao haujalipwa, jumla Sh 550,000 kwa hesabu niliyoambatanisha. Naomba unilipe, au unipe ratiba ya maandishi ya kunilipa, kabla ya (tarehe). Nisipopata jibu nitapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nakuheshimu na ningependa tumalize wenyewe."

Hakuna tusi ndani yake. Vitisho navyo havimo, kwa sababu kumwambia mtu njia ya kisheria utakayofuata siyo kumtisha. Weka nakala.

_Hatua ya tatu: msuluhishi._ Qur'an, Sura an-Nisaa aya ya 128, inatuambia kuwa suluhu ni kheri. Mnaweza kuja msikitini, mnaweza kwenda kwa mzee mnayemheshimu nyote. Lakini naomba wazee wenzangu tusikilizane hapa. Suluhu haina maana ya kumwambia kijana "mwachie nusu, huyu ni mtu mzima". Kazi yetu ni kumsaidia mwenye haki aipate haki yake, na mdaiwa apate njia ya kulipa. Nusu ni ya kijana, ataiacha akitaka mwenyewe. Mkikubaliana, andikeni: kiasi, tarehe za malipo, sahihi zenu na mashahidi wawili.

_Hatua ya nne: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi,_ ile ambayo watu wanaiita CMA. Iliundwa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, na ina ofisi mikoani. Kufungua shauri hapo hakuna ada. Unajaza fomu ya Tume namba moja, unampa mwajiri nakala na kupata uthibitisho kwamba amepokea, kisha unaiwasilisha. Huhitaji wakili. Unaweza kujisimamia mwenyewe, au kusimamiwa na chama cha wafanyakazi, au mtu unayemwamini.

Kwanza mnakutana na msuluhishi. Huyu hatoi hukumu, anawasaidia mkubaliane, na amepewa siku 30. Mashauri ya mishahara mengi yanaweza kuishia hapo, kwa sababu mwajiri akiona hesabu na meseji mezani hana mengi ya kubisha. Mkishindwana, jambo linakwenda kwa mwamuzi, ambaye anasikiliza ushahidi na kutoa uamuzi unaoweza kutekelezwa kupitia mahakama. Siku ya kuitwa, fika. Wewe usipofika, shauri linaweza kufutwa. Yeye asipofika, Tume inaweza kuamua bila yeye.

*5. Saa inakimbia*

Kama utasahau yote katika darsa hili, hili usilisahau.

Mgogoro wa mshahara usiolipwa unatakiwa ufike kwenye Tume ndani ya *siku 60* tangu ulipotokea. Kama unalalamikia kufukuzwa kazi isivyo halali, ni *siku 30* tu. Ukichelewa, unalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu nzito ya kuchelewa. "Aliniahidi atanilipa" usiitegemee kuwa sababu.

Sasa unaona kwa nini "ngoja baada ya sikukuu" ni neno la hatari? Mshahara wa Rajabu haukulipwa. Ukangoja Shaabani. Ukangoja Ramadhani. Ukangoja Shawwali. Siku 60 zimekwisha nawe bado unaita hali hiyo subira. Wapo waajiri wanaozungusha kwa sababu hawana hela, na wapo wanaozungusha kwa sababu wanaijua hesabu hii kuliko wewe.

Kwa Allah deni lako halipitwi na wakati hata ukifa nalo. Ofisini linapitwa. Basi hesabu kuanzia siku ya kwanza uliyotakiwa kulipwa ukakosa, na uweke alama kwenye kalenda. Kufungua shauri hakukuzuii kuendelea kuongea naye. Mkielewana kesho yake, mnaandikishana na shauri linaisha.

*6. Maneno matatu ya kukukatisha tamaa*

"Huna mkataba wa maandishi, huna haki." Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Asipoweza kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai unakuwa juu yake yeye. Kukosa kwake karatasi hakugeuki kuwa silaha yake.

"Hili ni duka dogo, mambo ya sheria ni ya makampuni." Si kweli. Duka lenye mfanyakazi mmoja ni mwajiri. Na hata kama ulifanya kazi siku 10 tu, siku 10 zile zina ujira wake. Kama hukuajiriwa bali ulichukua kazi ya kumaliza, mfano fundi aliyepewa kupaka rangi nyumba kwa bei moja, deni lako linaweza kudaiwa kama madai ya kawaida Mahakama ya Mwanzo.

"Nimekata hasara uliyotia." Hapa nako kuna utaratibu. Mwajiri hawezi kuamka asubuhi akasema simenti tano zimepotea, mshahara wako umekwisha. Kukata kwa ajili ya hasara kunahitaji iwe ni kosa la mfanyakazi kweli, apewe kwa maandishi sababu na hesabu, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Ukikwama, uliza kwa Afisa Kazi wa mkoa wako, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

*7. Milango usiyoipitia*

Mlango wa kwanza ni droo ya pesa. Kijana ananiuliza: "Ustadh, ananidai... yaani namdai 550,000, na mauzo ya leo yapo mkononi mwangu. Nikichukua changu?" Najua wapo wanaotaja hadithi ya Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyeruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto kwa wema. Wanazuoni wamelijadili sana suala hili na wamehitilafiana: wapo walioruhusu kwa masharti, na wapo waliokataza wakitegemea hadithi ya kurudisha amana na kutomhaini hata aliyekuhaini, aliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Wewe usiingie humo. Mauzo umekabidhiwa kama amana. Na mbele ya sheria ya nchi, ukichukua unageuka kutoka mdai ukawa mtuhumiwa wa wizi. Utalala kituoni, yeye atafuturu nyumbani, na deni lako litasahaulika.

Mlango wa pili ni kumuanika mtandaoni. Allah, katika Sura an-Nisaa aya ya 148, amempa aliyedhulumiwa ruhusa ya kulisema ovu alilotendewa. Imam Nawawi naye katika Riyadh as-Salihin ametaja kupeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kukusaidia kuwa miongoni mwa hali ambazo kumsema mtu si usengenyaji. Angalia sharti lake: mwenye uwezo wa kukusaidia. Kundi la watu 300 la kuuza viatu halina uwezo wa kukulipa. Hata hapa kwetu, tafadhali, baada ya darsa hili asitajwe mtu yeyote kwa jina.

*8. Wewe unayedaiwa*

Ndugu yangu mwenye duka, mwenye gereji, mama mwenye mgahawa. Sikukusahau.

Najua biashara ndogo ina shida zake. Pango linapanda, wateja wanakopa, mzigo unakwama. Allah mwenyewe, katika al-Baqara aya ya 280, ameagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Nafasi hiyo ni yako, kama kweli una dhiki. Mwenye dhiki anamwita mfanyakazi wake, anamwonyesha hali, wanaandika ratiba, na anaanza kulipa hata Sh 20,000. Anayezima simu, akatoka kwa mlango wa nyuma, kisha akaonekana na simu mpya, huyo ana jina jingine, na tumeshalisoma kwenye hadithi.

Tupime mambo matatu ya mwezi huu.

Futari. Unafuturisha watu hamsini, Allah akulipe. Lakini je, aliyekuuzia dukani mpaka ukapata hela ya tende na maandazi hayo, yeye amefuturu nini? Wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema haifai kutoa sadaka ya hiari katika kile unachokihitaji kulipia deni usilokuwa na tarajio la kulilipa kwa njia nyingine. Sadaka ni sunna. Ujira ni wajibu. Sunna haipandi juu ya wajibu.

Zaka. Mshahara haulipwi kwa zaka. Huwezi kumpa kijana wako Sh 200,000 ukamwambia "hii ni zaka", kisha moyoni ukaihesabu kuwa ndiyo mshahara wa Shaabani. Zaka unaitoa bila kujipunguzia deni.

Mfuko wa Idi. Mchele kilo tano, sukari, mafuta na kanga moja ni zawadi nzuri. Si malipo ya miezi miwili, mpaka mwenyewe akubali kwa ridhaa iwe hivyo.

Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba kuhusu muflisi, kama ilivyo katika Sahih Muslim, kisha akawaeleza kuwa muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Kiyama na swala, funga na zaka, lakini amemtukana huyu na amekula mali ya yule. Wanaomdai watagawiwa mema yake mpaka yaishe. Funga yako ya siku 14 hizi, na njaa yake yote, inaweza kuhamishiwa kwa kijana wa gereji uliyemwambia njoo kesho. Wewe ulale njaa, yeye achukue thawabu.

Na kipo kisa cha upande wa pili, katika Bukhari na Muslim. Watu watatu walifungiwa pangoni na jiwe. Kila mmoja akaomba kwa jema alilolifanya kwa ajili ya Allah. Wa tatu wao alikuwa na mfanyakazi aliyeondoka bila kuchukua ujira wake. Yule bwana hakuula. Aliuzalisha mpaka ukawa mali nyingi, na mwenyewe aliporudi miaka ikiwa imepita akakabidhiwa yote, hata akadhani anafanyiwa dhihaka. Kwa dua ya huyo ndipo jiwe likamalizika kusogea, wakatoka.

Fikiria: aliweka ujira wa mtu ambaye hata hamdai. Wewe wako anakupigia kila Ijumaa.

*Zoezi la leo*

Anayedai: kabla ya daku, kaa na karatasi. Andika tarehe ulizofanya kazi, kiasi, advansi ulizochukua, na siku ya kwanza uliyotakiwa kulipwa. Hesabu siku 60. Kama zimebaki chache, kesho asubuhi ndiyo siku ya kwenda.

Anayedaiwa: andika majina ya wote waliowahi kukufanyia kazi wakaondoka na chao kimebaki, hata yule wa mwaka juzi. Mpigie mmoja leo. Usingoje akupigie. Dawa ya deni kulipa.

Mwenye kutaka nimsaidie kuandika ile barua, au mwajiri anayetaka tukae na mfanyakazi wake tupange ratiba, anitumie ujumbe wa faragha au anione msikitini baada ya Alasiri. Tutaongea pembeni, hakuna atakayejua.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali na utuepushe na kula jasho la wengine. Wenye haki zao waliodhulumiwa uwarudishie, na wenye madeni uwafungulie milango ya kulipa kabla ya kukutana nawe. Tukubalie funga zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Kesho, inshaAllah, siku ya 15: amana ya mali ya yatima.